Aliyebatizwa kwingine: tuulize maji na maneno

Huku Nyanda za Juu Kusini, Mmoravian, Mlutheri na Mkatoliki kuwa ukoo mmoja si jambo geni. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891. Jipya ni kasi ya watu kuhama. Mtu kabatizwa Moravian akiwa mchanga kule Tukuyu, kaokoka katika kanisa changa la Mbeya mjini, kazamishwa tena mtoni, na sasa anataka kufunga ndoa na Mkatoliki. Paroko akabidhiwe taarifa gani?

Kwanza, maji na maneno. Kanisa letu Katoliki linautambua ubatizo wa maji, wa kumiminiwa au kuzamishwa, uliotolewa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ndiyo maana Mmoravian, Mlutheri wa KKKT, Mwanglikana, Msabato au muumini wa kanisa la Kipentekoste la TAG aliyebatizwa hivyo habatizwi tena. Naumia ninaposikia Mkatoliki anadharau ubatizo huo, kwa sababu ni Kristo yuleyule anayebatiza.

Shida ipo kwa vikundi vinavyobatiza "kwa jina la Yesu" peke yake, bila kuutaja Utatu. Huo hatuuhesabu. Wa Mashahidi wa Yehova pia hatuuhesabu, na kuhusu Wamormoni Roma ilitoa jibu mwaka 2001: si halali.

Vyeti navyo vinapotosha. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayabatizi watoto wachanga, huwaweka wakfu, na mzazi hupewa cheti. Miaka ishirini baadaye cheti hicho kinaletwa kama cha ubatizo. Kisomwe neno kwa neno. Kama hakuna cheti, kanuni ya 876 ya sheria ya Kanisa inaruhusu shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mhusika kama alibatizwa akiwa mtu mzima, mradi hakuna anayedhurika. Mchungaji aliyembatiza aulizwe kwa heshima alitumia maneno gani. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi, hapo ndipo hutolewa ubatizo wa sharti, faraghani: "Kama hujabatizwa, ninakubatiza..."

Uzembe hapa unagharimu ndoa. Mwenzi akiwa amebatizwa, kinahitajika kibali cha ndoa ya mseto (kanuni ya 1124). Asipokuwa amebatizwa, kuna kizuizi (1086): bila kuondolewa na mwenye mamlaka, ndoa ni batili hata kama ilifungwa altareni mbele ya kwaya mbili. Ahadi ya kulinda imani na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe Katoliki huitoa upande wa Mkatoliki, mwenzake anajulishwa tu.

Mwenzi aliyebatizwa akitaka kuwa Mkatoliki, asichanganywe na wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kana kwamba ni mpagani. Anafundishwa kinachokosekana, anaungama dhambi, kisha anakiri imani, anapewa kipaimara na Komunyo. Padre anayempokea ana mamlaka ya kumpa kipaimara papo hapo. Kipaimara cha KKKT hatukihesabu kuwa sakramenti. Aelezwe hilo taratibu, bila kubeza miezi aliyokaa darasani.

Na Mkatoliki aliyezamishwa kwingine, akirudi? Ubatizo wake wa kwanza haukufutika. Anakwenda kitubioni. Lakini kama alifunga ndoa huko bila kibali, ndoa hiyo inahitaji kurekebishwa, kwani tangu marekebisho ya sheria ya Kanisa ya mwaka 2009 kuhama hakumwondoi tena katika wajibu wa kuoa Kikatoliki. Aanzie kwa paroko kabla ya kurudi kukomunika.