Kabla hujaomba kazi kiwanda cha dawa

Kijana wa Tanga aliyezoea kusikia habari za saruji na mkonge hudhani kiwanda cha dawa ni kazi laini ya kukaa kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi kipo kweli, ila kimewekwa kwa ajili ya unga wa dawa. Hewa yetu ya pwani ina maji, masika ndiyo usiseme, na unga ukifyonza unyevu hung'ang'ania vyuma vya kushindilia, vidonge vikatoka na mashimo na maandishi yaliyofutika. Ukikaushwa kupita kiasi nao, kidonge hubanduka juu kama kifuniko cha chungu. Parasetamoli ndiyo hodari wa mchezo huo, hasa mashine ikikimbizwa ili hesabu ya siku itimie.

Mwendesha mashine hupima vidonge 20 kila baada ya muda uliopangwa. Kidonge cha miligramu 600 kisitoke nje ya 570 hadi 630. Viwili kati ya 20 vikivuka mpaka huo vinavumiliwa, lakini hata kimoja kisivuke 540 au 660. Uzito ukianza kushuka kidogo kidogo, simamisha mashine ukaangalie unga kwenye faneli.

Kalamu ndiyo inayowashinda wengi. Ukikosea namba, unaikata kwa mstari mmoja, isomeke bado, unaandika namba iliyo sahihi, saini yako, tarehe na sababu. Kufuta kwa rangi nyeupe ni kosa kubwa kuliko kupima vibaya. Vilevile kujaza saa nne matokeo ya saa tatu, hata kama ulipima kweli.

Saa za kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya saa nzima ya kupumzika. Hapo uliza mapema: kuvua ovaroli, kula, kunawa na kuvaa upya kofia, barakoa na glavu vinahesabiwa ndani ya saa hiyo? Viwanda vingine hukaa kimya, na chai unainywa umesimama.

Marashi na wanja viache nyumbani. Na mwenye aleji ya penisilini aseme siku ya usaili, asingoje apangiwe jengo inakotengenezwa dawa hiyo.