Seprafilm na unyevu wa Dar
Wenzangu wa thieta, hasa mnaotoa fibroidi: kwa hewa yetu hii ya pwani, Seprafilm huharibikia mikononi kabla haijafika tumboni. Ni karatasi ya hyaluroneti na selulosi inayowekwa ndani ili tishu zisishikane baada ya upasuaji, kama sm 13 kwa 15, na ikiguswa na maji kidogo tu inanata. Paketi isifunguliwe mpaka damu imekatika na mko karibu kufunga tumbo. Badili glavu, vaa kavu zisizo na poda (poda yenyewe huchochea tishu kushikana). Kata vipande vinne pamoja na ganda lake, chomoza sm 1 au 2, pitisha bila kugusa kingo za jeraha, laza juu ya mshono wa mfuko wa uzazi. Ikinasa pasipotakiwa usiibandue kwa nguvu. Lowanisha na salaini itaachia yenyewe.

Ndani ya saa 24 hadi 48 inageuka ute, unaokaa takribani siku 7, muda ambao peritonia (utando wa ndani ya tumbo) inajiponya. Ila msiizungushie utumbo uliounganishwa, mshono huweza kuvuja.

Interceed, kitambaa cha selulosi cha kazi hiyohiyo, ikiwa nyeusi imeshalowa damu, hiyo toa. Komesha damu, nadhifisha, weka nyingine.

Mkitumia Adept, maji ya aikodekstrini ya kuzuia tishu kushikana, lita 1 hubaki tumboni. Waambieni wauguzi wa wodini: aikodekstrini hufanya baadhi ya glukomita (vipima sukari ya damu) zisome sukari juu kuliko ilivyo, na mgonjwa akachomwa insulini asiyoihitaji.