Si mapunye

Nimetoka kliniki ya ngozi sasa hivi. Nasubiri daladala, mwanangu kalala mgongoni.

Alizaliwa na baka la manjano juu ya sikio, halioti nywele.
Miezi minane nampaka dawa ya fangasi. Majirani walisema mapunye, wengine wakawazuia watoto wao kumshika. Hilo liliniuma sana.

Leo daktari kalipapasa taratibu kwa kidole, akauliza: "Alizaliwa nalo?"
Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kumbe ni nevusi sebasiasi, tezi za mafuta zilizozidi tangu tumboni. Haliambukizi. Akibalehe litanenepa, na tuliangalie lisiote uvimbe.

Nimelia palepale.

Mnaolea mtoto mwenye baka kama hili, ninyi mliambiwaje?