Nilivyoshusha bwawa la frem ardhini bila kulifukia

Watu wanaoniambia eti ni bahati tu bwawa langu la kuogelea, lile la turubai linaloshikwa na frem ya vyuma, halijapinda wananikera, maana niliumiza kichwa hasa. Kiwanja chetu kipo Goba, Dar es Salaam, na anayeijua Goba anaijua ile milima, uani kote hakuna pa kuweka bwawa la frem la upana wa mita 4.57 na kimo cha mita 1.22 likakaa sawa. Likijaa linabeba kama lita 17,000, yaani tani 17 zimekaa hapo, sasa likiinama kidogo tu maji yanaelemea upande wa chini na miguu inaanza kupinda.

Fundi wa kwanza akaja na lake: "Dada, hiyo kazi ndogo, bondeni tunajaza kifusi tunashindilia, huku juu tunafukia udongo mpaka karibu na mdomo, lisicheze." Nikampa nauli akaondoka. Kifusi kipya hata ukishindilie vipi, mvua ikikipiga kinashuka. Na habari ya kufukia mimi nilishaiona kwa macho. Kuna mama mtaa wa nyuma alifanyiwa hivyohivyo, kiangazi chote bwawa linapendeza, kila anayepita anasifia. Masika ikaingia, maji yakageuka kijani, akaamua kuyatoa yote asafishe. Sasa bwawa likiwa na maji, maji yanasukuma kwenda nje na udongo unasukuma kuja ndani, wanashikiliana. Ukitoa maji unabaki udongo peke yake, tena umelowa, uzito wake si wa kawaida. Asubuhi tukaitwa, ubavu wote wa juu umelala ndani, miguu ya chuma imekunjika, turubai limechanika, na walipochimbua wakakuta vyuma vimeshaanza kutu kwa kukaa kwenye unyevu. Yule mama alilia, na mimi roho iliniuma maana hela ile alidunduliza kidogo kidogo.

Ndiyo maana nikasema kwangu udongo utashikwa na ukuta, bwawa litasimama lenyewe, na wasigusane kabisa. Tukakata upande wa juu tu mpaka kufikia usawa wa bondeni, hakuna kujaza hata koleo moja la udongo. Juu shimo likaenda kama sentimita 70, bondeni hakuna shimo. Ukuta wa nusu duara wa tofali za inchi 6 zilizolazwa, una msingi wake na nondo zake, na kati yake na miguu ya bwawa nikaacha nafasi ya mtu kupita akakague vyuma. Usibane hapo kwa kuonea huruma saruji.

Ninachojivunia zaidi ni maji ya mvua. Nyuma ya ukuta, chini kabisa, nililaza bomba la PVC la inchi 4 nililolitoboa matundu, nikalizungushia kokoto, juu ya kokoto nikatandika viroba udongo usije ukaziba, ndipo tukarudishia udongo. Bomba linateremka lenyewe mpaka kwenye migomba huko chini, hakuna pampu wala umeme. Ule mteremko walioniambia ndio tatizo, ndio unaotoa maji. Ile nafasi ya kupita nayo ina njia yake ya kutolea maji.

Usawa niliupima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, maana maji hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, nikapima mguu mmoja baada ya mwingine. Pima maji fupi ya fundi kwa upana ule inadanganya. Kila mguu umekanyaga kipande cha zege kilichozamishwa ardhini, katikati mchanga uliochekechwa, kisha makapeti ya zamani, ndipo turubai. Ukuta na mambo yake ulikula hela karibu sawa na bwawa lenyewe, na maji ya boza yana bei yake, kwa hiyo jipangeni mapema.

Halafu watoto. Bwawa likisimama juu ya ardhi mtoto mdogo hapandi bila ngazi, ila ukilishusha, upande wa juu mdomo unamfika kifuani tu. Nikaweka uzio na geti la komeo la juu kabla boza halijaingia, na sikukubali mtu anibishie.

Kitabu cha maelekezo kinasema bwawa hili lisifukiwe, na langu halijafukiwa. Masika iliyopita bomba lilimwaga maji usiku na mchana, mimi nikashusha maji ya bwawa nusu kwa usafi, hakuna mguu uliosogea.