Benzi 300D: valvu za njia moja za vakyumu, nimechagua zipi na kwa nini

Injini sasa inazima. Kwa wasio na W123 (jina la umbo la Benzi hii) ya dizeli hilo linaweza kuonekana jambo dogo, lakini wenye gari hili wanajua karaha ya kutoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma, mpaka ufungue boneti ukaizime kwa mkono.

OM617, injini ya gari hili, haina plagi za cheche, kwa hiyo kukata umeme hakuizimi. Ukigeuza ufunguo kuzima, swichi inafungua njia ya vakyumu (mvuto wa hewa iliyonyonywa) kwenda kwenye diaframu ndogo, yaani utando wa mpira, iliyoungwa na pampu ya dizeli. Diaframu inavuta, mafuta yanakatika. Vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga milango yote kwa pamoja, na ndiyo inayolisha busta ya breki, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga pedali. Chanzo chake ni pampu ya vakyumu iliyo mbele ya injini, maana injini hii haina kilango cha kubana njia ya hewa inayoingia kama ya petroli, hivyo manifodi yake (mabomba ya kuingizia hewa) haina mvuto wa kutegemea.

Nimeona mafundi wengi wakibadilisha valvu ya njia moja kutibu injini isiyozima. Tufikirie kidogo: valvu hiyo inaruhusu hewa itoke kwenye milango kwenda kwenye pampu, na inazuia isirudi. Mlango ukivuja, hewa inayoingia pale inaelekea kwenye pampu, upande ulioruhusiwa, na kupunguza nguvu ya mfumo mzima. Valvu mpya kabisa haitaizuia. Ndiyo maana nilianza kwa kuziba mrija unaokwenda kwenye milango. Injini ikazima papo hapo. Nikafuata mlango mmoja mmoja kwa pampu ya mkono yenye geji, nikakuta mpira wa diaframu ya mlango wa nyuma umepasuka. Nikaubadilisha.

Zilibaki dalili mbili, na hizi ndizo za valvu zenyewe. Gari likiwa limetoka safari milango inafunga vizuri, likilala usiku haifungi: tangi dogo la akiba kwenye buti linapoteza vakyumu yake. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, pedali ya breki ni ngumu tangu mkanyago wa kwanza. Busta nzima yenye valvu nzima hukupa mikanyago miwili mitatu laini hata injini ikiwa imezimwa. Nilichomoa valvu zote mbili, ya mrija wa milango na ya busta, na kuzipuliza kwa mdomo. Hewa ilipita pande zote.

Geji nayo inahitaji akili. Vitabu vingi vya ufundi vinatoa vipimo vya usawa wa bahari, ambapo hewa inasukuma kwa milimita 760 za zebaki. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, na hewa yetu ni kama milimita 645 tu. Hakuna pampu duniani itakayovuta zaidi ya hapo ukiwa hapa. Yangu inafika 570, na kwa huku juu hiyo ni pampu yenye afya. Ukilinganisha na namba za kitabu bila kukumbuka mwinuko utanunua pampu usiyoihitaji.

Sasa uchaguzi. Dukani niliwekewa mezani valvu za kila namna. Kijana wa kaunta akachukua moja, akaisukuma kwenye mrija wangu, akasema, "Mzee, inaingia kabisa, chukua." Kuingia ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni mpira wa ndani. Pampu ya dizeli inalainishwa kwa oili ya injini, na ukungu wa oili huishia kwenye mirija. Mpira wa EPDM, ambao ni mzuri sana kwa maji na kwa mafuta ya breki, ukikutana na oili ya injini unavimba, na valvu inakwama. Ninataka mpira wa naitraili au, karibu na injini, wa Viton. Muuzaji asiyejua valvu yake ina mpira gani sinunui kwake, hata akipunguza bei.

La pili ni springi. Valvu za njia ya mafuta zinafanana sana na hizi kwa umbo, lakini nyingi zina springi ngumu. Springi inayohitaji 0.1 ya baa ili ifunguke inakula milimita 75 za zebaki. Kutoka kwenye 570 yangu hiyo ni hasara kubwa. Valvu ya vakyumu inapaswa kufunguka kwa pumzi ndogo tu ya mdomo.

Za matangi ya samaki nimeziacha kabisa. Ni rahisi na zinapatikana, ila plastiki yake haikutengenezwa kwa joto la chini ya boneti.

Kwa hiyo: kwenye mrija wa milango nimefunga valvu ya jumla yenye mpira wa naitraili, baada ya kuipima kwa pampu ya mkono na kuona mshale wa geji umetulia. Ipo mbali na joto, na ikifa nitakosa kufunga milango tu. Ya busta ni habari nyingine. Hiyo nimeagiza ya kiwandani kwa namba ya spea, ya kipenyo kilekile, kwa sababu bomba jembamba linachelewesha busta kujaa tena baada ya kukanyaga mara mbili mfululizo kwenye mteremko. Hapo sitafuti nafuu.

Mpaka ifike gari halitoki uani. Wakati huo ninabadilisha viungio vya mpira vya mirija midogo, maana vingi vimekauka, na ninaweka alama ya rangi upande wa pampu wa kila valvu ili atakayefungua baada yangu asiigeuze.