Herufi nne za "stop"

Neno nililokaa nalo jioni hii ni "stop". Nililichagua kwa sababu halina makuu: herufi nne tu, na liko kwenye mabango ya barabarani hata katika nchi ambazo Kiingereza si lugha yao. Nilitaka kuona likivunjwavunjwa litatoa nini.

Herufi nne zisizojirudia hupangika kwa njia 24. Sikuzipitia zote, maana nyingi zinajikataa zenyewe mdomoni: "tpso", "ptso", nani atazitamka? Nilichofanya ni kuziandika kwa duara. Zikikaa kwenye mstari, jicho linang'ang'ania kusoma "stop" hata usipotaka. Zikizunguka, halioni pa kuanzia. Zikatoka "spot", "post", "pots", "tops" na "opts". Ukiongeza neno lenyewe ni 6, na wachezaji wa Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, hawana la 7.

Programu za kompyuta hazihangaiki na maduara. Zinachukua kila neno la kamusi na kuzipanga herufi zake kwa alfabeti. Maneno yote haya 6 yanageuka "opst", basi yanaangukia kapu moja. Kazi imekwisha, na raha imekwisha nayo.

Hata hivyo, matatu kati ya hayo nayapokea kwa shingo upande. "Pots" ni vyungu, "tops" ni vilele, au vile vidude vya kuchezea vinavyozungushwa, yaani pia, na "opts" ni anachagua. Yote yamepata herufi ya nne kwa kubandikwa s ya mwisho, ile ya wingi au ya kitenzi. Kanuni za mchezo zinaruhusu. Mimi ningeyapa nusu alama.

Nikajaribu kwa Kiswahili, kwa wivu kidogo. Chukua "mali". Irabu zetu hupenda kukaa baada ya konsonanti, kwa hiyo silabi mbili za namna hii zina mipangilio 4 tu inayotamkika vizuri. Ajabu ni kwamba yote 4 ni maneno: mali, lima, mila, lami. Hakuna nusu alama hapo. Halafu "imla" inaingia kwa mlango wa pembeni, ikiwa na asili yake ya Kiarabu. Na anayejua kusema kinyume, kwa kuitanguliza silabi ya mwisho, ameshageuza mali kuwa lima bila kujua kwamba anacheza anagramu, yaani kupanga upya herufi za neno zitoe neno jingine.

Lakini kilichonikalisha hadi usiku si kupanga herufi, ni maana. Ukilifuatilia "stop" nyuma, maelezo ya wataalamu wengi yanafika kwenye Kilatini "stuppa", yaani nyuzi chakavu za kitani zinazosokomezwa kwenye upenyo, kama kalafati kwenye mbao za jahazi. Kwa hiyo mwanzoni lilikuwa neno la kuziba. Kilichozibwa hakipiti, na kisichopita kimesimama. Baadaye mahali pa kusimama pakaitwa vilevile, na leo basi linasimama kwenye "stop". Kila hatua ni ndogo, na unaweza kuifuata kwa kidole. "Spot" nayo imetembea hivyohivyo: doa, kisha mahali padogo, kisha kumtambua mtu kati ya wengi, kwa kuwa doa huonekana.

"Post" ina habari nyingine kabisa. Nilitarajia njia moja nikakuta njia panda. "Post" ya nguzo inatokana na "postis", mwimo wa mlango kwa Kilatini. Posta ya barua inatokana na kitenzi cha kuweka: matarishi na farasi waliwekwa kwenye vituo njiani, mmoja akimpokea mwenzake mzigo wa barua. Kituo cha askari na kazi ya mtu ofisini vimetoka kwenye kuweka hukohuko. Na "post" ya "post meridiem", ile p.m. ya kwenye saa, ni neno la tatu lenye maana ya baada ya. Haya hayakukua pamoja. Yalikutana tu kwenye tahajia.

Na tunaposema kuposti picha mtandaoni, ni rahisi kudhani tumeazima kwa mpeleka barua. La. Tangazo lilikuwa likibandikwa kwenye nguzo ili wapita njia walisome, na kubandika huko kukaitwa "post". Kutoka nguzoni likahamia ubaoni, kutoka ubaoni likahamia kwenye skrini. Hili lilinifurahisha kuliko anagramu zote za jioni. Nilikuwa nazungusha herufi nikitafuta maneno yaliyojificha, na kumbe "post", bila kupangwa upya, lilikuwa limebeba wageni watatu wasiojuana.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba anagramu zinafichua siri ya neno. Chungu na doa havina undugu wowote kwa kushirikiana herufi. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26 tu na maneno ni mengi mno, lazima yagongane. Mgongano wenyewe unapendeza, basi; sihitaji uwe na ujumbe.

Kwenye karatasi hiyohiyo nimeshaandika "least", kwa duara. Herufi tano, mipangilio 120. "Steal", "stale", "slate" na "tales" zimetoka upesi. Kuna na "tesla", kipimo cha usumaku, ambacho asili yake ni jina la mtu, Nikola Tesla. Bado sijaamua kama nakipa alama kamili.