Noti nne za Gohrisch

Mimi nikienda kwenye konsati huvaa viatu vya ngozi. Ndivyo nilivyofunzwa na mwalimu wangu wa kwaya: watu wamefanya mazoezi kwa ajili yako, nawe jipambe kidogo. Kumbe safari hii ukumbi wenyewe ulikuwa banda la shamba, na njia ya kulifikia inakatiza kwenye majani yaliyonyeshewa usiku kucha. Nilifika nimejaa tope hadi kwenye soksi. Mzee niliyeketi jirani naye, aliyevaa mabuti ya kupandia milima, alinitazama miguu, akatabasamu, akanipa karatasi ya kujifutia bila kusema neno.

Aliyenituma huko ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini, hapa Dresden. Zamani alikuwa akifundisha piano. Tunaitana kwa Kijerumani cha heshima, yeye ananiita Bwana na jina la ukoo, nami vivyo hivyo, ila moyoni mwangu ni Bibi tu. Alijua naimba besi kanisani. Siku moja namfunga viatu, akasema: "Wewe unayependa nyimbo za msiba, nenda Gohrisch. Kuna mtu aliimba msiba wake mwenyewe pale."

Gohrisch ni kijiji kilicho juu ya bonde la mto Elbe, jimbo la Saksonia. Unapanda treni ya S1 kuelekea mpaka wa Cheki, unakaa upande wa kushoto ili uuone mto, unashuka Königstein, halafu basi linakupandisha kilimani. Milima ya kule ni ya ajabu: juu bapa kama meza, kando imekatika wima. Kila kiangazi tangu 2010 kuna tamasha la siku chache kijijini hapo, na mwenye shughuli ni mtunzi mmoja, Mrusi Dmitri Shostakovich. Wanamuziki wa Staatskapelle, okestra kongwe ya Dresden, wanapanda huko, na wageni wengine wanakuja na fidla zao. Hupigwa pia kazi za waliokuwa karibu naye, kama Weinberg na Gubaidulina, lakini mazungumzo yote humrudia yeye.

Kwa nini kijijini badala ya Moscow au mji mwingine mkubwa? Kwa sababu Julai 1960 alilala hapo. Alikuwa ametumwa Ujerumani Mashariki kutunga muziki wa filamu kuhusu Dresden baada ya mabomu ya Februari 1945, akapewa nafasi katika nyumba ya wageni wa serikali, palipo kimya, ili afanye kazi. Kazi ya filamu hakuifanya, si siku hizo. Badala yake, kwa siku tatu, kuanzia tarehe 12 hadi 14, aliandika kwateti yake ya 8: fidla mbili, viola na selo. Siku tatu! Mimi siku tatu hazinitoshi kufundisha ubeti mmoja kwa sauti nne.

Juu ya karatasi ya noti inasomeka kwamba kazi hiyo ni kumbukumbu ya waliouawa na ufashisti na vita. Ukitoka Dresden iliyobomolewa, hilo linaeleweka, wala sioni sababu ya kulibeza. Lakini mwezi huohuo alimwandikia rafiki yake Isaak Glikman maneno mengine. Alisema amewaza kwamba akifa hakuna atakayemtungia kitu, basi ameamua ajitungie mwenyewe. Akaongeza kwamba wakati wa kuandika, machozi yalimtoka kwa wingi kama mkojo wa mtu aliyekunywa bia nusu dazani. Mwaka huo alikuwa amesukumwa kuingia Chama cha Kikomunisti, jambo alilolikwepa miaka mingi. Kila mtu ana maoni yake kuhusu nini hasa kilimliza. Wakati wa mapumziko niliwasikia wawili wakibishana nusu saa nzima, nyuma ya foleni ya bia. Nilikumbuka ile barua nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa wanakwaya wenzangu, hapa ndipo penu. Jina lake kwa Kijerumani huandikwa D. Schostakowitsch. Chukua D, S, C, H. Wajerumani noti ya E iliyoshushwa nusu huiita Es, yaani S. Na ile B yetu ya kawaida wao huiita H. Basi jina linaimbika. Kwa sol-fa, ukiifanya Es kuwa doh, unapata t, d, l, se (se ni soh iliyopandishwa nusu). Imba polepole. Unapanda nusu hatua, unashuka kwenye l, halafu unateleza hadi se, na hapo unaachwa mlangoni, hujaingia wala hujatoka. Ile se ndiyo yenye kuuma.

Selo inaanza peke yake, chini kabisa, na hizo noti nne. Ananitaja mtu! Ndivyo nilivyohisi. Kisha wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lilelile. Sehemu ni tano lakini hakuna kupumzika katikati, kama dakika ishirini hivi, na jina halikosekani. Analipiga kwa hasira, analichezesha kama muziki wa dansi, analifunga kwenye nyimbo zake za zamani, kama mtu anayepanga nguo zake kabla hajafa ili wengine wasisumbuke.

Sehemu ya nne inabisha. Mapigo matatu mazito, kimya, matatu tena. Wengi husema ni polisi wa usiku mlangoni. Inawezekana. Ila mimi nilichokuwa nikikingojea kilikuja baadaye, pale selo ilipopanda juu sana, karibu na sauti ya mwanamke, ikaimba wimbo wa mapenzi wa mfungwa Katerina kutoka opera yake Lady Macbeth wa Mtsensk, ile iliyoshambuliwa na Pravda, gazeti la Chama, mwaka 1936. Opera iliyomtia hofu ya miaka na miaka, naye anaiingiza kimyakimya kwenye msiba wake, akiipa selo iiseme. Mzee wa mabuti alikuwa ameshika kofia kifuani.

Banda halina mapambo. Viti vya kawaida, mbao, paa, na harufu ya majani makavu ambayo ukiivuta sana unapiga chafya (nilijizuia hadi machozi, nadhani jirani yangu alielewa vibaya). Juu kwenye boriti mbayuwayu walikuwa wakilisha makinda, na hawakujali kabisa kwamba sehemu ya tano inazimika taratibu mpaka uta unagusa waya bila sauti. Watu walikaa kimya. Mbayuwayu wakaendelea. Kisha makofi.

Jumatatu Bibi hakuniuliza habari za wapigaji. Aliuliza kama banda bado linanukia majani. Nikamwambia linanukia. Akauliza kama nililia. Nikamwambia nilikuwa na shida ya viatu. Nikawa namsukuma kwenye kiti chake kuelekea lifti, nikiimba kwa besi, polepole: t, d, l, se.

"H yako iko juu kidogo," akasema. "Rudia."

Nikarudia.